Mambo ya Kutazama Katika Nchi ya Mpakani: Kutoka Ikweta Hadi Nakivale

Ndugu wasomaji, ninyi mlio madarasani na ninyi mliokwisha kutoka na kutawanyika duniani, kila likizo inapokaribia huletewa swali lile lile. Mwanafunzi wa zamani huniandikia: "Mwalimu, nina wageni wanaokuja pande za Mbarara. Niwaonyeshe nini?" Nimejibu mmoja mmoja hata nimechoka. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa za Kiswahili niwajibu wote pamoja, na wale walio darasani wapate somo la historia na jiografia humo humo.

Yafaa kwanza mjue anayesema nanyi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa Kivu, nchi ya Kongo, na huu ni mwaka wa kumi na nne nikikaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwa hiyo katika mambo ya kutazama nitakayoyataja, moja ni nyumbani kwangu. Ndiyo sababu mwishoni nitasema neno juu ya adabu ya kutazama.

NCHI YA MPAKANI NI NINI?

Nchi ya mpakani si pale penye kizuizi na askari wa forodha tu. Ni nchi nzima ambayo lugha zake, chakula chake, vita vyake na ndoa zake vimegeuzwa na mpaka ulio karibu. Ulaya nako ziko nchi za namna hiyo. Mojawapo ni Alsace, kando ya mto Rhine. Mwaka 1871 ilitwaliwa na Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikarudi Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaishika tena. Vita vilipokwisha mwaka 1945 ilikuwa imerudi mikononi mwa Ufaransa. Mtu aliyezaliwa huko mwaka 1870 na kufa mwaka 1946 alibadilishiwa nchi mara nne bila kuhama nyumba yake. Wageni huenda mji wa Strasbourg kutazama kanisa kuu la kale, lakini mwenyeji mwenye akili huwaonyesha pia majina ya njia yaliyoandikwa kwa lugha mbili, maana hapo ndipo historia inaposomeka.

Mpaka wetu ulichorwa mbali na sisi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ujerumani ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata ulinzi wa Zanzibar, na upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria mstari ukapigwa kuifuata digrii moja kusini ya ikweta. Hapakuulizwa Mnyankole, wala Mnyambo wa Karagwe, wala Mnyarwanda. Ng'ombe waliokuwa wakinywa maji kusini na kulala kaskazini wakajikuta wamo katika dola mbili.

Basi katika safari hii, kila mahali mtakapofika, waulizeni wageni wenu maswali mawili: Nani alipita hapa? Na ni kitu gani kilimruhusu au kilimzuia?

1. MSTARI WA KAYABWE

Mgeni akitoka Kampala kwa barabara ya Masaka, baada ya kilomita sabini na kitu atafika Kayabwe, mahali ikweta inapokata barabara. Hapo pana duara mbili kubwa nyeupe, na kila mtu hushuka kupigwa picha, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Mwacheni afanye hivyo, ni furaha isiyo na hasara. Kisha mwelezeni kwamba digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukihesabu umbali huo moja kwa moja kuelekea kusini, utaufikia mstari wa mwaka 1890. Mistari yote miwili haionekani katika udongo. Huu wa ikweta unaruka kwa kucheza. Ule mwingine watu wamepigwa risasi kwa ajili yake.

2. ZIWA MBURO

Kabla ya kufika Mbarara, kushoto kwa barabara, kuna njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Humo mna pundamilia, pofu, viboko, na swala pala, yule ambaye jina la mji wa Kampala limetokana naye. Mwaka 2015 waliletwa twiga kutoka Murchison Falls, na sasa wamezoea.

Wenyeji wana hadithi ya jina la ziwa. Wanasema palikuwa na ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliokaa bondeni. Kigarama akaota ndoto kwamba hatari inakuja, akamsihi ndugu yake wahame. Mburo akakataa kuacha mahali pake. Kigarama akapanda vilimani. Maji yakaja yakalifunika bonde na Mburo ndani yake. Ziwa likaitwa Mburo, na vilima vikaitwa Kigarama. Mimi huipenda hadithi hii kwa sababu yule aliyefunga mzigo wake hakutukanwa. Watu wengi hudhani anayehama ni mwoga. Hadithi ya Mburo yasema kwamba wakati mwingine ndiye aliyesikia.

Lakini msiwaambie wageni kwamba hapa palikuwa pori tupu tangu mwanzo. Hima na ng'ombe wao walilisha nchi hii. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1983, watu waliondolewa. Serikali ya Obote ilipoanguka mwaka 1985 wengi wakarudi kwa hasira, na baadaye eneo la hifadhi likapunguzwa. Hata mpaka wa wanyama ni mpaka, nao una habari yake.

3. BIHARWE

Mkirudi barabarani mtafika Biharwe, kilomita chache kabla ya Mbarara. Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni kituo cha utamaduni cha Igongo, chenye nyumba ya makumbusho iitwayo Eriijukiro, jina lililotokana na neno la Kinyankole la kukumbuka. Humo mgeni ataona vyombo vya maziwa vya mti, mikuki, vifaa vya wahunzi na namna nyumba za zamani zilivyopangwa. Akitoka humo ale karo, yaani ugali wa ulezi, pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Asiyekula eshabwe hajafika Ankole.

La pili ni mnara wa kupatwa kwa jua. Mapokeo yasema kwamba jeshi la Bunyoro, chini ya mfalme Olimi, lilikuwa likirudi kutoka Rwanda na ng'ombe wengi wa kuteka. Lilipofika Biharwe jua likatoweka mchana. Askari wakashikwa na hofu, wakakimbia, wakawaacha ng'ombe, na watu wa Nkore wakawapata bila vita. Wanahistoria wengi wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Angalieni faida yake kwa mwanafunzi: hadithi iliyopokewa kwa midomo tu, bila kitabu, yaweza kupewa mwaka wake kwa hesabu ya mwendo wa jua na mwezi. Ulizeni tena swali letu: nani alipita hapa? Ng'ombe wa Rwanda, askari wa Bunyoro, na wachungaji wa Nkore. Wote katika kilima kimoja, karibu miaka mia nne kabla ya mstari wa Berlin.

4. MBARARA

Mbarara, yasemekana, ilipata jina lake kwa majani ya malisho yaitwayo emburara. Ilikuwa boma la Waingereza, ikawa makao ya utawala wa Ankole, na tangu Julai 2020 ina cheo cha jiji. Mgeni asipite mbio akielekea kwa sokwe wa milimani. Amtenge Mbarara siku moja.

Aende Kamukuzi, kilima cha ikulu ya zamani ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ufalme huo ulikuwa na ngoma yake, Bagyendanwa, iliyoheshimiwa hata kupewa kundi lake la ng'ombe. Watu wenye shida waliiendea kama mtu anavyomwendea mkubwa wake. Falme zote za Uganda zilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 nyingine zilirudishwa, lakini ule wa Ankole haukurudishwa, na hata leo wenyeji wanabishana juu yake. Kisha aende Nkokonjeru, nje kidogo ya mji, walikozikwa wafalme wawili wa mwisho, Kahaya wa Pili, aliyefariki mwaka 1944, na Gasyonga wa Pili, aliyefariki mwaka 1982. Ni mahali pa kimya. Mtu huelewa zaidi hapo kuliko katika vitabu jinsi ufalme unavyokwisha.

Atazame pia ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, ikiwezekana jioni wanaporudi. Wafugaji wengi sasa wamewachanganya na wa Kizungu ili wapate maziwa mengi, kwa hiyo kundi la pembe tupu halionekani kila mahali kama zamani.

Wasomaji wa gazeti hili watapenda kuiona Ntare School, iliyoanzishwa mwaka 1956. Walisoma humo Yoweri Museveni, Rais wa Uganda tangu mwaka 1986, na Paul Kagame, Rais wa Rwanda tangu mwaka 2000. Huyu wa pili alikuja Uganda mtoto mdogo, mwana wa wakimbizi. Dawati halikumwuliza alikotoka.

Mwisho wasimame katika daraja la mto Rwizi. Mto huu hutoka vilima vya magharibi, hupita mjini, kisha huingia katika maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, ambavyo tangu mwaka 2006 vimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Maji yake yamepungua na kuchafuka kwa kulima kingo zake na kutupa taka. Basi anayetupa taka Mbarara ajue kwamba anamtupia mtu aliye bondeni. Maji hayaombi pasi ya kusafiria.

Mtu mzima wa Mbarara akikaa nanyi atawataja miaka miwili. Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliingia kutoka Tanzania wakaishambulia kambi ya jeshi ya Mbarara, wakashindwa. Februari 1979 jeshi la Tanzania likauteka mji, na majengo mengi yakabomolewa. Sababu tutaiona mtoni.

5. KIKAGATI NA MTO KAGERA

Barabara ya kusini yatoka Mbarara, yapita mashamba ya ndizi ya Isingiro, yashuka mpaka Kikagati. Wengi hukata njiani kwenda Nakivale kwanza. Mimi nashauri mfike kwanza mtoni, kisha mrudi; aliyekwisha kuuona mpaka huwaelewa vizuri zaidi watu waliouvuka.

Hapa Kagera ndio mpaka. Ng'ambo ni Murongo, mkoa wa Kagera, Tanzania. Simameni mkatege masikio. Mwanamke wa upande huu na mwanamke wa upande ule wanapatana bei bila mkalimani, maana Kinyankole na Kinyambo ni ndugu wa karibu. Sisi tunasema maji, Mnyarwanda husema amazi, Mnyankole amaizi. Neno moja limevuka mito yote.

Sasa fungueni ramani. Kutoka hapa, mbele kidogo kuelekea mashariki, mto unauacha mpaka na kuingia ndani ya Tanzania, lakini mstari wa mwaka 1890 unaendelea umenyooka kama rula. Kwa hiyo kipande kikubwa cha nchi ya Tanzania kimebaki kaskazini ya mto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika kipande hicho, na Novemba akatangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mto. Daraja la Kyaka likavunjwa, vijiji vikaporwa, watu wakauawa. Mwalimu Nyerere akajibu kwa vita, na Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Hivyo mstari uliochorwa na watu wasioiona nchi ulipewa kuwa kisingizio cha vita baada ya miaka 88.

Lakini msiondoke na huzuni tu. Katika mto huo huo, hapo Kikagati, sasa pana mtambo wa umeme wa megawati 14, ambao Uganda na Tanzania hugawana nguvu yake sawa kwa sawa. Marais wa nchi zote mbili waliuzindua pamoja Mei 2023. Mpaka uliogawa watu unawasha taa za pande mbili.

6. NAKIVALE

Sasa tumerudi nyumbani. Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutangazwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Waliotangulia walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Wengi wao na watoto wao walirudi kwao mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari. Lakini Nakivale haikubaki tupu. Walikuja Wanyarwanda wengine, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na sisi Wakongo tuliokimbizwa na vita vilivyoanza mwaka 1996 na ambavyo havijaisha mashariki ya nchi yetu. Leo tumepita watu laki moja na nusu, katika vijiji vingi vilivyotapakaa kuzunguka ziwa.

Mgeni atatazama nini? Hakuna ua wa seng'enge. Nakivale ni vijiji, mashamba na vilima. Mpelekeni sokoni Base Camp. Hapo Mkongo anauza vitenge na sombe, ambalo pwani huitwa kisamvu. Msomali anauza chai ya viungo na sambusa. Mrundi ameleta maharage. Mnyankole ameshusha ndizi zake kutoka katika pikipiki. Wote wanapatana kwa Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake. Mwanafunzi apendaye lugha asiende mbali kutafuta somo. Kisha mpelekeni ufukoni mwa Ziwa Nakivale asubuhi, wavuvi wanaporudi na ngege, na ndege wa kinamasi wako kazini.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahali pengi hiyo ni methali tu. Uganda imeifanya karibu kuwa sheria. Anayefika hapa huonyeshwa kipande cha ardhi ajenge na kulima, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 humpa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini. Hilo ni jambo kubwa, nami nalishukuru kila siku. Lakini nisiwafiche ukweli. Ardhi haiongezeki. Vipande wanavyopewa wageni wa sasa ni vidogo kuliko vya waliotangulia. Miti imekatwa kwa kuni. Wachungaji na wakulima wa hapa hunung'unika kwamba malisho yamekwisha, na manung'uniko yao si uongo. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula umepunguzwa sana, hata jamaa nyingine hazipati kitu. Jembe tunalo, linalopungua ni udongo wa kulitia.

ADABU YA KUTAZAMA

Sasa neno nililoliahidi. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja alimpiga picha jirani yangu, mama wa watoto watano, alipokuwa katika foleni ya unga. Hakusema hata "hujambo". Yule mama aliniuliza usiku: "Mwalimu, amenipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wake amebakiwa na sura yake, na hata hiyo imechukuliwa bila hodi.

Kwa hiyo wageni wenu wafuate haya. Kwanza, waombe ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia mambo ya wakimbizi, wala wasijipenyeze. Pili, wapige hodi, waamkie wazee kwanza, wakae wakikaribishwa. Tatu, wasipige picha ya mtu bila kumwuliza, na akikataa, ni haki yake. Nne, wanunue kitu kwa bei ya haki, kwa maana fedha ya biashara haimwinamishi mtu kichwa. Tano, wasiahidi wasichoweza; ahadi ya shule ya mtoto hukumbukwa miaka kumi. Sita, wasimwulize mtu jinsi ndugu zake walivyokufa. Akitaka, atasema mwenyewe. Bora waulize anauza nini, anafundisha nini, analima nini.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakivale methali hiyo ina ugumu mtamu: Mnyankole ni mwenyeji wangu, mimi ni mgeni wake, lakini ninyi mkija na wageni wenu, mimi ndiye nitakayewapikia sombe na kuwapa kiti. Siku hiyo nami ni mwenyeji. Basi mkimleta mtu, msimwambie, "Twende tukawaone wakimbizi." Mwambieni, "Twende kwa Mwalimu, tukasome habari ya mpaka." Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo somo lote.

MAZOEZI

1. Chora ramani ya njia kutoka Kayabwe hadi Kikagati. Onyesha ikweta, mstari wa digrii moja kusini, mto Rwizi na mto Kagera.
2. Eleza kwa nini sehemu ya Tanzania iko kaskazini ya mto Kagera, na jinsi jambo hilo lilivyotumiwa mwaka 1978.
3. Tafuta maneno matano yanayofanana katika Kiswahili na lugha ya nyumbani kwenu. Andika yalikopita.
4. Hadithi ya Kigarama na Mburo yamsifu nani? Toa sababu zako.
5. Andika barua kwa mgeni wa nchi za mbali ukimweleza mahali pamoja karibu na kwenu. Usisahau kujibu: Nani alipita hapa, na ni kitu gani kilimruhusu au kilimzuia?